Udongo Ndani ya Mfuko wa Ndagala

Rumonge, 18 Aprili 2025

Mdogo wangu Roger,

Amahoro kutoka nyumbani. Sisi tuko wazima. Mama anakusalimu sana. Miguu inamsumbua, mdomo hauna shida yoyote. Mwanangu Irakoze ameanza kujua kuandika na sasa kuta zote za nyumba zina jina lake. Ziwa bado liko juu, na wale waliokuwa na nyumba upande wa chini wa barabara hawajarudi.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Tangu tulipotukanana siku ya Noeli, mama amekataza. "Mukiandika mutakuwa munafikiri mbele ya kusema," ndivyo alivyosema. Najua pia umeifungia namba yangu, kwa hiyo amri yake haikukupunguzia kitu.

Sasa shida yangu. Binamu yetu Benita anarudi huko Ubelgiji na anakuletea ndagala, dagaa wa ziwa letu. Katikati ya ndagala kuna mfuko mdogo mweusi, na ndani yake kuna udongo. Usicheke. Ni udongo wa shamba la maharage la mama kule Muhuta, na ndani yake anaishi yule bakteria wangu. Nilikueleza zamani ukanijibu kwa picha ya ndama wa ayala, hao kulungu wa bustani unakofanya kazi, kwa hiyo nakueleza tena. Anaingia kwenye mizizi ya maharage, anajenga vifundo vidogo, na humo anaigeuza hewa kuwa chakula cha mmea. Wa jamii yake wanauzwa kwenye paketi kutoka nje, lakini ukiwaweka kwenye udongo mchachu wa Kizuka, kule kwenye michikichi, wanakufa wote. Huyu wa mama hafi. Kwenye chupa zangu nimemwandika "Marguerite", jina la mama. Mama alinuna: "Unanipatia jina ya mududu?" Lakini majirani wote ameshawaambia.

Frigo ya maabara ya ushirika inazimika kila umeme unapokatika, na tangu mradi ufungwe hatuna jenereta. Nimebaki na chupa mbili. Hamidu, rais wetu wa ushirika, amesema waziwazi: kama wakati wa kupanda mwezi wa tisa sina dawa ya mbegu, yaani bakteria huyu wa kupaka kwenye mbegu, ya kuwapa wanawake wa Kizuka, chumba changu kitakuwa stoo ya mafuta ya mawese. Ni miaka sita ya kazi, Roger.

Chuoni karibu na kwako kuna profesa, mama mmoja mwema, aliyekubali kumgandisha bakteria wangu na kumtunza. Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Mpelekee upesi. Usiufungue mfuko, usiuanike, usiumwage.

Na usiseme huna nafasi. Wewe mwenyewe ulimsimulia mama habari za hao ayala wako wa Uchina, wenye kwato za ng'ombe na mkia wa punda: maji yalivunja ukuta wa bustani ya mfalme, wakatawanyika, wenye njaa wakawala, wakabaki wale wachache waliokuwa wamepelekwa Ulaya. Kama si watu wa mbali kuwafuga, leo ungekuwa unalisha nani? Basi mimi naomba hilo hilo kwa mnyama wangu asiye na mkia wowote.

Usiniulize kwa nini sichoti udongo mwingine.

Dada yako,
Chanceline

*

Karibu na Namur, 11 Mei 2025

Yaya Chanceline, dada yangu mkubwa,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa Irakoze na kuta zake. Mimi nipo. Baridi imeanza kutuachia na ndama wawili wamezaliwa wiki hii, wote majike, wote wamesimama vizuri. Mmoja mama yake alimkataa, nikamnywesha kwa chupa mpaka mama akabadili mawazo.

Benita alifika salama na ndagala zake zinazonuka hadi kwenye ngazi za jengo. Barua yako aliisahau Bujumbura kwenye mkoba mwingine. Anasema mama yake ataituma kwa posta. Lakini si kitu, yaya. Nilipotoa ule mfuko mweusi katikati ya ndagala nikashika udongo, nilielewa bila barua.

Kwetu mtoto asiyekuwepo kwenye mazishi huwekewa udongo wake wa kaburini, autupe kwa mkono wake siku atakayofika. Tangu baba afe nilikuwa nikijiuliza kama mliniwekea. Sikuthubutu kuuliza, na wewe hukusema, na siku ya Noeli ulinitupia yale maneno kwamba ayala ni bora kwangu kuliko baba. Nikajua basi, hakuna udongo. Kumbe ulikuwepo.

Jumapili nilikwenda kwenye kona ya nyuma ya uzio wa ayala, mahali ambapo wageni hawafiki. Nikachimba shimo, nikasema ile sala ambayo baba alikuwa akiisema kabla ya kuwasha moto wa kukamua mawese, nikatupa udongo wote kwa mkono. Nililia kidogo. Ndani yake mlikuwa na maharage, najua ni mama, hawezi kufunga kitu bila kutia chakula. Mengi niliyapanda juu ya ule udongo. Yaliyobaki niliyapanda kando ya ukuta wa stoo ya majani makavu.

Asante. Sikudhani kwamba ungeweza kunifikiria hivyo. Namba nitaifungua siku nitakayoweza kusikia sauti yako bila kukumbuka ile ya Noeli. Siku hiyo imesogea karibu.

Mdogo wako,
Roger

*

Rumonge, 2 Juni 2025

Roger,

Mama anakusalimu. Wote wazima. Nimemaliza salamu.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni kwa Hamidu, nikaomba kiti. Haukuwa udongo wa kaburi. Ulikuwa udongo wa maharage. Ulikuwa bakteria wangu, na wewe umemzika.

Utapata barua yangu ya mwezi wa nne siku moja, kama mama yake Benita atakumbuka njia ya posta. Humo nilikuomba mambo matatu: usiufungue, usiuanike, usiumwage. Sikukumbuka kuandika kwamba usiuombee.

Zile chupa mbili nilizokuwa nazo zimekufa. Umeme ulikatika karibu wiki nzima, na nilipofungua frigo zilinuka maziwa yaliyolala. Nilijipa moyo, nikasema afadhali Roger ana mfuko, afadhali ameshaufikisha chuoni. Nilitaka kuvunja amri ya mama nikupigie, namba haipiti. Nikampigia Benita akuambie ukachimbe upesi. Akasema, "Mi siingie tena katikati yenu, mutaniuwa." Kwa hiyo naandika, na barua itasafiri polepole kama kwamba hakuna haraka duniani.

Nimechoka, Roger. Ayala wako ana jina, ana daktari, ana mtu wa kumnywesha kwa chupa, ana bango lenye picha yake barabarani na watoto wanalipa kumwangalia. Akikohoa mnaitana. Wangu hana macho ya kumhurumia. Wanawake wa Kizuka wanakula kwa sababu yake na hawajamwona hata siku moja. Niliandika maombi ya msaada kwa watu wanaolinda viumbe vinavyokwisha, wakanijibu kwa adabu kwamba bakteria si kiumbe wanachoweza kukiweka kwenye bango. Sasa wa mwisho yuko nyuma ya uzio wako, amelala chini ya sala.

Chimba. Toa udongo wote unaoweza, upeleke chuoni. Anwani naandika tena nyuma.

Chanceline

*

Karibu na Namur, 24 Juni 2025

Yaya,

Salamu kwa mama. Mwambie ndama wote wawili wanakula majani sasa.

Barua zako zote mbili, ya Aprili na ya Juni, zimenifikia wiki moja. Nimezisoma kwa mpangilio, nikazisoma tena. Kwa hiyo hamkuniwekea udongo. Nilimwombea bakteria. Wenzangu kazini wakijua watacheka hadi Noeli nyingine, na mimi sitawaambia.

Nimejaribu kuchimba. Haiwezekani sasa. Tumeingia msimu ambao madume wanapigana, na dume wetu mkubwa yuko upande wa kona ile ile. Wenzangu wanamwita Mzee, neno nililowafundisha mimi. Wakati huu anagaagaa kwenye matope, anazoa majani kwa pembe zake na kuyabeba kichwani ili aonekane mkubwa, na mtu akisogelea uzio anakuja mbio. Mkubwa wetu wa kazi amepiga marufuku kuchimba au kugonga kitu chochote pale mpaka mwisho wa Agosti. Ningefukuzwa. Usiniambie kwamba nawachagua wao tena, maana najua kalamu yako inaelekea huko.

Na kwa kuwa umelinganisha, nami nilinganishe. Bakteria wako katika kijiko kimoja ni wengi kuliko watu wa Burundi. Ukimpa sukari asubuhi, jioni ameshakuwa taifa. Ayala wangu anazaa mmoja kwa mwaka, na huyo mmoja akiangukia kwenye mtaro usiku wa baridi, umemaliza mwaka. Hakuna chupa ya kumwotesha tena. Sikuomba wawe wazuri machoni, yaya. Niliomba kazi, wakanipa hawa.

Maharage yameota, kama unataka kujua. Yale ya juu ya udongo wenu ni kijani kizito na yamepanda kwenye uzio. Yale ya kando ya ukuta ni ya manjano, mafupi, yanatia huruma.

Sasa ombi langu. Toka shambani kwa mama hadi makaburi ya kanisa ni kuvuka njia tu. Nenda ukachote mkono mmoja wa udongo kwa baba, umpe mtu yeyote anayekuja huku. Nimeshaomba kitu hiki kwa kunyamaza miaka miwili. Sasa naomba kwa maandishi.

Roger

*

Rumonge, 13 Julai 2025

Mdogo wangu,

Mama yuko salama, amekuombea wewe na ndama. Irakoze amepanda darasa. Hapa kiangazi, vumbi.

Rudi kwenye maharage. Unaandika kwa mstari mmoja jambo ambalo mimi ningeamsha mtaa mzima kulitangaza. Ya juu ya udongo ni ya kijani kizito, ya ukutani ni ya manjano? Mbegu ile ile, jua lile lile? Basi huenda yuko hai. Sisemi yuko, nasema huenda, maana hata Ulaya kuna bakteria wa maharage na udongo wenu siujui. Lakini wa kwenu wangekuwepo hapo, wangeyasaidia na yale ya ukutani.

Fanya hivi. Siku utakayoweza kufika, ng'oa mmea mmoja taratibu na mizizi yake. Utaona vifundo, vidogo kama punje za mtama. Pasua kimoja kwa kucha. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, amelala au amekufa. Kikiwa chekundu kama nyama mbichi, anafanya kazi. Mizizi yenye vifundo vyekundu ifunge kwenye karatasi yenye unyevu uipeleke chuoni siku hiyo hiyo. Hatuhitaji tena udongo wote.

Hamidu ameshaingiza madumu ya mawese kwenye kona ya maabara. Anasema ni ya muda tu. Nayazunguka kwa ubavu nikienda mezani. Speciosa, yule mama wa Kizuka mwenye maharage mengi, alikuja kuuliza dawa ya mbegu, nikamwambia iko njiani. Nilisema hivyo bila kumwangalia usoni.

Kuhusu watu wa Burundi kwenye kijiko: ni kweli, ni wengi. Lakini wengi si sawa na wa kutosha. Akipotea huyu, wale wengine mabilioni hawajui kazi yake. Wewe ukiniambia ayala wa Uchina amekwisha lakini wapo swala wengi, ningekubali?

Kaburi la baba liko pale pale lilipokuwa. Mengine tutaongea ukija.

Chanceline

*

Karibu na Namur, 9 Agosti 2025

Yaya Chanceline,

Salamu kwa wote. Leo naanza na habari ya hasira, kisha nyingine.

Jumatatu usiku kulikuwa na dhoruba. Asubuhi nilikuta uzio wa kona umelala chini na Mzee amesimama juu ya maharage ya mama. Kama angekuwa ameyala tu, ningeelewa. Alikuwa ameyang'oa yote na kuyavaa. Pembe zote mbili zimejaa mashina ya maharage, matope yanamtiririka usoni, na anatembea mbele ya majike kama bwana harusi. Nimewalisha wanyama hawa miaka saba na sijawahi kumtukana hata mmoja. Siku hiyo nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa ili aelewe yote.

Halafu nikaona mizizi. Ilikuwa inaning'inia pembeni ya jicho lake, imejaa vile vifundo ulivyosema. Sikuweza kumsogelea. Nilimfuata nje ya uzio asubuhi nzima, wenzangu wakifikiri nimepatwa na jua. Saa sita hivi alijikuna kwenye mti, shada lote likaanguka upande wangu. Nililivuta kwa reki.

Nilipasua kimoja kwa kucha. Chekundu. Nilipasua cha pili kwa sababu sikuamini macho yangu, na cha tatu kwa sababu nilipenda kukiona. Ukutani niling'oa mmea mmoja pia: hakuna kifundo hata kimoja.

Profesa wako alinipokea siku hiyo hiyo nikinuka dume. Ameshagandisha sehemu, nyingine ameiotesha kwenye chupa, na anasema ina kasi ya ajabu. Benita anasafiri katikati ya Septemba. Mizizi mingine nimeihifadhi, ipo ya kukuletea. Mwambie Hamidu atoe madumu yake.

Sasa lile jingine. Nilimbana Benita mpaka akasema. Amesema makaburi ya kanisa yote yako chini ya maji tangu mwaka jana, na shamba la mama pia. Uliniandikia kwamba kaburi liko pale pale lilipokuwa. Ni kweli, yaya, ukiangalia vizuri hukudanganya. Ndiyo maana nimekasirika zaidi. Mlijua mwaka mzima mkanificha.

Na kwa kuwa tumefika hapa: sikubaki kwa ajili ya ayala. Baba alipokufa karatasi zangu za kukaa huku zilikuwa zimeisha muda. Ningetoka, nisingerudi. Sikutaka mama ajue kwamba mtoto wake yuko huku bila karatasi, nikasema ni msimu wa kuzaa. Wewe ukaamini kwa sababu ulitaka kuamini kwamba mimi ni mbaya. Sasa zimepatikana.

Uzio tuliouegemeza kwa kamba nitausimamisha vizuri Jumatatu. Niambie tu, udongo uliobaki pale niuzoe wote niutume na mizizi?

Roger

*

Rumonge, 30 Agosti 2025

Roger mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu za nani, maana barua yako niliisoma kwa sauti na mama alikuwa amekaa hapo hapo. Sikukusudia asikie habari za karatasi. Amesikia. Akasema, "Ndiyo maana alikuwa anakonda mu picha." Ndiyo yote aliyosema juu ya hilo.

Madumu yametoka. Hamidu ameyabeba mwenyewe, ananung'unika. Speciosa nimemwangalia usoni.

Ulipouliza nilikwepa, na nitakueleza ilivyokuwa. Ziwa lilipanda usiku mmoja mwaka jana mwezi wa tano. Asubuhi tulikwenda Muhuta mimi na mama. Maji yalikuwa shambani tayari, na upande wa pili wa njia misalaba ilikuwa imeanza kuinama. Mimi nilibaki barabarani kutafuta watu wenye mtumbwi. Mama aliingia majini na kopo la mafuta. Aliporudi kopo lilikuwa limejaa udongo, akanipa, akasema ni wa maharage. Nusu niliitumia kuanzisha upya chupa zangu, nusu nikakutumia. Sikutaka ujue habari za kaburi kwa barua, wala kwa simu, na kila mwezi uliopita ulifanya iwe ngumu zaidi. Nilikuwa nakukasirikia kwa kutokuja, na papo hapo nikikuonea haya kwamba ukija sina pa kukupeleka.

Lakini leo nilimsomea na barua yako ya Juni, na nilipofika pale uliposema ulitaka tu mkono mmoja wa udongo wa baba, mama alinikata maneno. Naandika alivyosema:

"Mi nilichanganya. Nilichota ku maharage, nikavuka, nikachota na kwa baba yenu. Mutoto alikuwa na haki ya udongo yake. Ungetaka nitoe wapi kopo mbili, na maji iko ku magoti?"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza kilichomo, nilimuuliza tu kama ni wa maharage, na ulikuwa wa maharage.

Miaka sita nafundisha watu kwamba udongo wa majaribio hauchanganywi na kitu. Nimeandika "Muhuta, shamba la maharage" kwenye kila chupa, na humo alikuwemo baba. Profesa akijua atanifukuza kwenye mazungumzo. Nilikaa jikoni nikakasirika na mama, nikakasirika na wewe kwa kuelewa kabla ya wote, kisha nikalia mpaka Irakoze akaniletea chaki yake niandike ukutani.

Kwa hiyo mpe Benita mizizi tu, kwenye karatasi yenye unyevu, na usiifiche kwenye ndagala safari hii. Udongo usiuguse. Na msimamishe uzio vizuri, uwe mrefu kuliko ule wa kwanza, huyo Mzee asipakanyage tena. Sisi hapa hatuna mahali pa kusimama tukamwombea baba. Ni hapo kwako tu.

Fungua namba. Mama ameruhusu, ila atakaa katikati ashike simu yeye.

Yaya yako,
Chanceline